Nani atafungua vitabu vya hesabu vya Ikonge?

Chai inayochumwa Ikonge, kaunti ya Nyamira, haipati bei Ikonge. Hupata bei hapa kwetu. Tangu mnada wa chai uhamishwe kutoka Nairobi kuja Mombasa mwaka 1969, mkulima wa milima ya Gusii amekuwa akingojea habari za pwani kama mvuvi anavyongojea upepo. Jengo la Tea Trade Centre liko Nyerere Avenue, tunapita mbele yake tukielekea kivukoni, na sidhani kama mmoja wetu katika mia amewahi kujiuliza mle ndani kunafanyika nini. Siku hizi hata kelele za madalali hazipo, maana tangu 2020 mnada umehamia kwenye kompyuta.

Naanza na chai kwa sababu nataka kuzungumza juu ya masomo ya uhasibu na fedha katika vyuo vikuu vyetu, na sijaona mahali ambapo maana ya masomo hayo iko wazi kama Ikonge mwezi wa Oktoba, bonasi inapotoka.

Mwaka 2025 bonasi ilileta maneno. Wakulima wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA magharibi mwa Bonde la Ufa, yaani Kericho, Bomet, Kisii na Nyamira, walilipwa kidogo sana ukilinganisha na wenzao wa upande wa Mlima Kenya. Wanasiasa walipanda majukwaani, kila mmoja na mwizi wake wa kumtaja. Nimewasikiliza wengi. Sikumsikia hata mmoja akisema, nimefungua hesabu za kiwanda fulani, ukurasa fulani, nikaona hivi na hivi.

Nilikuwa Ikonge wakati huo. Mwenzangu tuliyefanya kazi naye miaka mingi Shimanzi, yeye karani wa ghala la chai na mimi nikijaza hati za forodha, ni mtu wa huko. Alistaafu mapema, akarudi kwao kuangalia shamba la marehemu babake, na alikuwa hachoki kunialika. Ni safari ya mchana na usiku: Nairobi, Narok, Bomet, Sotik, kisha Chebilat unaiacha barabara kuu, unashika njia ya Ikonge inayokwenda mpaka Chabera. Soko lenyewe si kubwa. Kuna maduka, boda boda, ndizi zimepangwa chini kwa mafungu, na nyuma ya kila nyumba kijani cha chai kinachopanda kilima na kuteremka. Mtu wa pwani aliyezoea kuona minazi mirefu hushangaa kuona mali ya watu ikiwa imemfikia kiunoni tu.

Binti wa mwenzangu yuko mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha umma kisicho mbali na kwao, anasomea shahada ya biashara, upande wa uhasibu na fedha. Alikuwa amekuja nyumbani Ijumaa kwa sababu mbili: kusaidia kuchuma, na kutafuta salio la karo. Jioni babake alileta karatasi ya malipo kutoka kiwandani, akaiweka mezani. Nyanya wa binti, ambaye wote humwita omong'ina kwa heshima yake, akauliza swali lililonifanya niandike makala haya: "Hebu nisomee. Wewe si ndiye unayesomea pesa?"

Akasoma. Na mimi nikajifunza.

Kwanza lile neno bonasi. Mkulima hulipwa kiasi fulani kila mwezi kwa kila kilo ya majani mabichi aliyopeleka kituoni. Mwaka wa hesabu hufungwa Juni 30. Kiwanda kikishauza chai, kikatoa gharama zake za kuni, umeme, mishahara, usafiri na ada ya msimamizi, kinachobaki ndicho hulipwa mkulima, na ndicho watu wakiitacho bonasi. Binti alisema mwalimu wake angemkosoa mtu anayeita hiyo bonasi. Bonasi ni tunu, mtu hukupa akitaka. Hii ni pesa ya mkulima mwenyewe ambayo bado hajalipwa. Katika vitabu ni deni juu ya kiwanda. Omong'ina alilipenda hilo, akalirudia kwa Kigusii kumwambia jirani aliyekuwa mlangoni. Na kweli, ukiliita zawadi utashukuru hata ukipewa kidogo. Ukiliita deni, utauliza.

Pili, dola. Mnada wa Mombasa hufanywa kwa dola za Marekani. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, halafu shilingi ikapata nguvu mpaka ikatulia karibu 129, na hapo imekaa. Sisi wengine tulifurahi. Binti alichukua kalamu. Chukua kilo moja ya chai iliyokauka iliyouzwa dola 2.50. Kwa dola ya 160, hiyo ni shilingi 400. Kwa dola ya 129, ni shilingi 322 na senti 50. Chai ni ile ile na mnunuzi ni yule yule, lakini shilingi 77 na nusu zimeondoka. Inachukua takriban kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu, kwa hivyo kwa mchumaji ni kama shilingi 17 kwa kila kilo ya majani. Shamba lao halifiki eka mbili, na mwaka huo lilitoa kilo 4,000. Zidisha. Ni karibu shilingi 69,000. Bila shaka dola haikukaa 160 mwaka mzima, hiyo ni kadirio la kuonyesha jambo. Lakini jambo lenyewe linaonekana, na hakuna mwizi aliyeingia ndani ya hesabu hiyo.

Msomaji wangu wa Majengo, wa Likoni, wa Malindi, usidhani hayo ni ya watu wa bara peke yao. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola, 3.75 kwa moja. Mtoto wako aliye Riyadh au Jeddah akikutumia riyali 1,000 mwanzoni mwa 2024, ulipata kama shilingi 42,600. Riyali hizo hizo 1,000 leo ni kama 34,400. Nimesikia akina mama wakigombana na mabinti zao kwa simu, "mbona umepunguza?" Binti hakupunguza. Amefanya kazi ile ile kwa tajiri yule yule. Familia nzima imeingia katika biashara ya fedha za kigeni bila kujua, na nyumbani hakuna mtu wa kuwaeleza.

Sasa, mwenye akili atauliza: kama ni dola, mbona wa Mlima Kenya wamepata zaidi? Dola si hiyo hiyo? Swali hilo omong'ina aliliuliza kabla yangu. Na hapa ndipo binti alipokuwa mkweli, akasema karatasi ya malipo haitoshi kulijibu. Karatasi inakwambia kilo zako, bei, na makato yako ya mbolea na mkopo. Haikwambii kiwanda kilitumia kiasi gani kutengeneza kila kilo, kina madeni gani, kiliuza chai kwa bei gani, na ni chai ngapi haikuuzwa. Majibu hayo yamo katika hesabu za mwaka za kiwanda. Na kiwanda, kisheria, ni cha nani? KTDA ilianza 1964 kama shirika la serikali. Ilipobinafsishwa mwaka 2000, viwanda vilibaki kampuni zenye hisa, na wenye hisa ni wakulima wenyewe. Leo kampuni hizo ni 54. Kila moja ina wakurugenzi wanaochaguliwa na wakulima, ina mkaguzi wa hesabu, ina mkutano wa mwaka. Mwenzangu ana hisa. Hajawahi kusoma ripoti hata moja.

Ripoti ya miaka iliyopita ilipatikana, kwa bahati. Omong'ina alikuwa ameitandika kwenye rafu ya vyombo. Karatasi yake ni nzito, haipitishi maji.

Ni rahisi kucheka, na tulicheka, lakini ripoti yenyewe imeandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu, kurasa nyingi, na hakuna mahali inapomwambia mkulima kwa lugha anayoielewa: tulipata hiki, tukatumia hiki, kimebaki hiki. Mwenye mali amepewa hesabu ya mali yake kwa namna ambayo hawezi kuisoma. Sheria imetimizwa na mtu hajaambiwa kitu.

Hapo ndipo ninapoona kazi ya haya masomo. Sisi wazazi, wa pwani na wa bara, tunapomwambia mtoto asomee uhasibu huwa tunawaza dirisha la benki, shati jeupe, na mshahara unaoingia tarehe 28. Ndoto hiyo si haramu. Ila madirisha ya benki yenyewe yanapungua, kwani kazi nyingi za karani sasa hufanywa na simu. Vyuo vinaendelea kutoa wahitimu wa shahada ya biashara kwa mamia kila mahafali, nao wanazunguka na bahasha. Wakati huo huo, kiwanda cha chai, chama cha akiba na mikopo, kikundi cha wavuvi, kamati ya basari, bodi ya shule na msikiti, vyote vina vitabu ambavyo wenyewe hawavisomi. Kazi ipo. Mshahara wake ndio haujaandikwa mahali.

Turudi kwa karo, maana ndiyo iliyomleta binti nyumbani. Vyuo hufungua kati ya Agosti na Septemba. Pesa ya chai hutoka Oktoba. Familia yenye chai si fukara, ila ni ya mwezi mmoja. Mwalimu wa uhasibu angesema wana mapato lakini hawana fedha mkononi, na hilo ni somo la wiki za mwanzo kabisa. Mfumo mpya wa kugharamia vyuo, uliozinduliwa na Rais Ruto Mei 2023, humpanga mwanafunzi katika daraja kwa kuangalia hali ya kwao. Katika daraja la kwanza familia hutakiwa kulipa asilimia 5 ya gharama, na katika la tano asilimia 40. Kinachobaki ni ufadhili wa serikali na mkopo. Fomu huuliza mapato ya mwezi. Mwenzangu aliandika nini? Akiandika malipo ya mwezi peke yake, ni maskini wa kutupwa. Akiongeza bonasi ya mwaka mzuri na kuigawa kwa 12, ni mtu wa kati. Akitumia bonasi ya mwaka huo wa 2025, anarudi chini. Mtu yule yule, shamba lile lile. Aliandika alichoona ni haki, akapangiwa daraja ambalo hakulitarajia, akakopa Septemba kulipa sehemu yake, na pesa ya Oktoba ilipofika nusu yake ilikuwa imekwisha kuliwa na mkopo huo.

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi, na wanafunzi wakaendelea kupangwa madaraja. Sina ugomvi na wazo la kwamba tajiri alipe zaidi ya maskini. Ni wazo tunalolijua katika zaka. Lakini zaka huangalia mali iliyozungukiwa na mwaka mzima, kwa sababu aliyeiweka anajua mapato ya watu hayaji kwa mwezi kama ya karani. Mkulima wa chai, mvuvi wa kaskazi na kusi, mwenye maembe ya Kilifi, wote hawa fomu ile haiwajui.

Mjomba wa binti, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa na rai nyingine. Alisema chuo kikuu ni kupoteza miaka minne, aende moja kwa moja kwenye mitihani ya KASNEB. Alisema kwa sauti ya mtu aliyeyasema hayo mara nyingi. Jambo hili huwachanganya wazazi wengi, nami nitaeleza nijuavyo, kwa kuwa nimeulizwa barazani mara nyingi na nimeona watoto wakipotea kwa kukosa maelezo.

Shahada ya biashara, hata ikiwa ya uhasibu, haikufanyi mhasibu mbele ya sheria. Inakupa elimu pana: uchumi, sheria, takwimu, menejimenti, fedha. Cheti cha mhasibu wa umma, CPA, hutoka KASNEB, baraza la mitihani lililoundwa 1969. Tangu mtaala ubadilishwe 2021 kina ngazi tatu, na mitihani hufanywa Aprili, Agosti na Desemba. Ukishafaulu, unaomba uanachama wa ICPAK, chama cha wahasibu kilichopo tangu 1978, na ni kwa leseni yake tu mtu anaweza kukagua na kutia sahihi hesabu za kampuni. Mwenye C+ ya KCSE anaingia CPA. Mwenye C ya kutoa anaanza na diploma ya ufundi wa uhasibu ya KASNEB hiyo hiyo na kupanda kutoka hapo. Hili la mwisho nalisema kwa nguvu, kwa sababu pwani tuna watoto wengi wa C na C ya kutoa waliokaa mabarazani wakiamini mlango umefungwa. Mimi mwenyewe nina diploma, sikuona mlango wowote ukinifungia.

Je, mjomba ana haki? Kwa gharama, pengine. Mtu anaweza kufanya mitihani akiwa anafanya kazi, akilipia karatasi mojamoja. Na shahada inaweza kukusamehe baadhi ya karatasi hizo, kwa hivyo njia mbili si maadui. Lakini binti alijibu jambo ambalo mjomba hakuwa nalo jibu: chuoni ana maktaba, ana wenzake, ana mwalimu wa kumuuliza, na ana miaka minne ya kutochuma chai kila asubuhi. Kule ardhi imegawanywa na kugawanywa tena, kaka watano kwa eka mbili. Shule ndiyo shamba lililobaki. Mtu wa pwani asilichukulie hilo kama ubishi wa Wakisii wa kupenda vyeti.

Na sisi je? Tulikuwa na mwanzo mzuri. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, TUM, asili yake ni Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa, iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na wengineo, ili kijana Mwislamu wa Afrika Mashariki apate ufundi. Mwaka 1972 ikawa Mombasa Polytechnic, na 2013 chuo kikuu kamili. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi nacho kikapata hati yake. Nafasi zipo mlangoni. Bado nasikia wazee wakisema uhasibu ni kazi ya riba, Mwislamu aukae mbali.

Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Riba ni haramu, hilo halina mjadala. Lakini kuhesabu si riba. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni: mwandishi, muda, mashahidi, uadilifu. Kama hiyo si elimu ya uhasibu sijui ni nini. Asiyejua riba inavyohesabiwa hawezi hata kuikwepa. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na nimeona vijana wetu wakitia sahihi bila kujua, na wengine wakikataa chuo bila kutafuta njia nyingine ya kulipa. Benki za Kiislamu kamili zimekuwa Kenya tangu 2008, na huko Bahrain kuna taasisi, AAOIFI, inayotunga viwango vya uhasibu vya taasisi za Kiislamu tangu 1991. Nani atakayezikagua benki hizi kwa niaba yetu ikiwa watoto wetu hawakusoma vitabu vyote viwili, cha fiqhi na cha mizania? Mwaka 2016 Chase Bank, iliyokuwa na dirisha la Kiislamu na wateja wengi hapa Mombasa, ilitoa hesabu za mwaka mmoja mara mbili, na kati ya ile ya kwanza na ya pili mikopo ya watu wa ndani ilikuwa imeongezeka kwa mabilioni. Benki ikafungwa Aprili. Wengi wetu tulisikia habari hiyo tukiwa kwenye foleni.

Hapa nawageukia vyuo. Walioandika hesabu zile hawakuwa watu wasiosoma. Mapema mwaka 2025 ukaguzi maalumu wa PwC kuhusu KUSCCO, muungano wa vyama vya akiba na mikopo nchini, ulitaja zaidi ya shilingi bilioni 13 zilizopotea, na ikaelezwa kwamba hesabu ziliidhinishwa kwa sahihi ya mkaguzi aliyekwisha kufariki. Maiti alitia sahihi! Ni akiba za walimu, polisi, wakulima. Hilo halikufanywa na mtu asiyejua debiti na krediti.

Mpwa wangu anasoma shahada kama ya binti wa Ikonge, katika chuo ambacho sitakitaja. Nimepekua madaftari yake. Mifano yote ni ya kampuni isiyo na jina inayotengeneza viatu visivyo na mvaaji. Ndani ya mihula minne hajapewa hesabu ya kweli ya taasisi ya kweli aisome na kuihoji. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali ziko wazi, kila kaunti, kila mwaka. Hesabu za benki huchapishwa magazetini. Ripoti za viwanda vya chai zimetandikwa kwenye rafu. Mwanafunzi akipewa kazi ya kuchukua ripoti ya kaunti yake, aieleze kwa Kiswahili kwa baraza la wazee na kujibu maswali yao, nadhani atajifunza zaidi ya anachojifunza kwa muhula mzima wa viatu. Wahadhiri wataniambia mtaala hauruhusu. Mtaala wameuandika wao.

Usiku ule binti aliitoa ile ripoti kwenye rafu, akaifuta, akaanza kuitafsiri kwa babake ukurasa kwa ukurasa. Mimi niliomba mkeka nikaswali isha, niliporudi bado walikuwa kwenye ukurasa wa mali iliyo ghalani. Hapo niliongeza ninalolijua. Julai 2021 serikali iliweka bei ya chini ya dola 2.43 kwa kilo kwa chai ya KTDA mnadani, isiuzwe chini ya hapo. Nia ilikuwa kumlinda mkulima. Chai nzuri ilinunuliwa. Ile ambayo wanunuzi hawakuiona kuwa na thamani hiyo ilirudi ghalani, mamilioni ya kilo, nyingi ikiwa ya viwanda vya magharibi. Mwenzangu ndiye aliyekuwa akizipanga gunia hizo mpaka zikagusa dari. Bei hiyo iliondolewa 2024, na chai ya zamani ikauzwa kwa kutupwa, maana chai huzeeka.

Binti akasimama hapo. Akauliza: kabla ya kuuzwa, iliandikwa vitabuni kwa thamani gani? Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, ile namba 2, inasema mali iliyo ghalani iandikwe kwa gharama ya kuitengeneza au kwa bei inayoweza kupatikana sokoni, ile iliyo ndogo kati ya hizo mbili. Kama kiwanda kiliiandika kana kwamba itapata 2.43 wakati hakuna mnunuzi, basi miaka ile ilionekana na mali kuliko iliyokuwa nayo, na hasara ikangojea mwaka wa kuuza. Mwaka ambao huenda ndio huo. Babake alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amezihesabu gunia hizo kwa mkono wake, Mombasa, bila kujua kwamba baadhi yake ni zake.

Jumatatu alfajiri binti alirudi chuoni na nusu ya salio la karo. Mkutano wa mwaka wa kiwanda chao ulikuwa bado haujaitishwa. Kwa kuwa hatakuwepo, alimwandikia babake maswali matatu kwenye karatasi ya daftari, kwa Kiswahili, akamwambia asiyasome kwa hasira: Chai iliyokuwa ghalani Mombasa Juni 30 iliandikwa kwa bei gani, na ikauzwa kwa bei gani? Gharama ya kutengeneza kilo moja hapa kwetu ni shilingi ngapi, na kwa kiwanda jirani ni ngapi? Na ripoti ya mwaka ujao, kuna ubaya gani ikiandikwa kurasa mbili tu za Kiswahili au Kigusii na kubandikwa kituoni tunapopimia majani?